Inchi 14 au 15.6? Tathmini ya laptopu tatu nilizosafiri nazo kati ya Kampala na Gulu

Kwa muda wa miaka mitano nimetumia laptopu tatu zenye vioo vya ukubwa tofauti. Ya kwanza ilikuwa ya inchi 15.6, ya pili ya inchi 13.3, na ya tatu, ambayo ndiyo ninayoandikia maneno haya, ni ThinkPad T480 ya inchi 14 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Zote nilizilipia kwa fedha yangu mwenyewe. Ninafundisha Kiswahili na kutafsiri nyaraka, na kazi hiyo ya pili ndiyo inayonitesa macho: hati ya asili hukaa upande wa kushoto wa kioo, tafsiri upande wa kulia, na siku nzima shingo hucheza baina ya pande hizo mbili. Mara mbili kwa mwezi, wakati mwingine tatu, hupanda basi la alfajiri kwenda Gulu, safari ya kilomita 330 hivi kupitia daraja la Karuma, na nikishuka hukaa nyuma ya boda boda hadi ninakofundisha. Kwa hiyo tathmini hii ni ya mtu anayebeba mashine yake begani, na anayeiacha mezani mwaka mzima anaweza kuwa na hoja zake nyingine.

Ile ya inchi 15.6 niliinunua katika jengo moja la maduka karibu na Kampala Road, nikiongozwa na imani ambayo nadhani wengi wetu tunayo, kwamba kubwa ndiyo yenye nguvu. Muuzaji, kijana aliyejifunza Kiswahili Nairobi alikokuwa akifuata mzigo, hakuwa na sababu ya kunisahihisha. "Mwalimu, hiki kioo ukikifungua, hata wanafunzi wa nyuma wanaona," aliniambia, kisha akanigeuzia kibandiko kilichoandikwa Core i5, jina la prosesa, yaani ubongo wa mashine. Sikuuliza ni i5 ya kizazi kipi, wala sikuuliza kioo kina pikseli ngapi, yaani nukta zinazounda picha. Nililipa shilingi 1,400,000 pamoja na begi, na mkanda wa begi hilo ukaanza kuachia mshono kabla mwezi haujaisha.

Wiki chache baadaye, nikiwa nimechoshwa na bega la kulia, niliiweka laptopu hiyo na chaja yake juu ya mizani ya muuza maharagwe katika soko la Kalerwe. Mshale ulisimama kilo mbili na robo tatu. Muuzaji alicheka, akaniuliza kama nauza kwa kilo. Ukiongeza daftari, chupa ya maji na vitabu viwili vya kiada, mzigo huo unakaribia kilo tano, na katika teksi ya abiria kumi na wanne hakuna pa kuuweka isipokuwa magotini. Ndani ya basi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nafasi kati ya goti langu na kiti cha mbele iliruhusu laptopu ikae, lakini kifuniko chake hakikuweza kusimama wima. Ilinibidi nikiinamishe kuelekea kwangu, na kwa kuwa kioo kilikuwa cha aina ya TN, rangi zilififia na kugeuka mara tu nilipokitazama kwa pembe isiyo yake. Siku moja, tukiwa tumepita Luweero, abiria wa mbele alilaza kiti chake bila kugeuka. Ukingo wa kiti uliukamata ukingo wa kifuniko, nikasikia bawaba ya kushoto ikilia kama mlango mkavu. Haikuvunjika siku hiyo, ila tangu hapo kifuniko hakikukaa sawasawa tena.

Hapa inafaa nieleze vipimo, kwa sababu inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa mshazari, kutoka kona moja ya kioo hadi kona inayoikabili, na namba hiyo peke yake haimwambii mnunuzi kama mashine itaingia kwenye begi lake. Kioo cha inchi 15.6 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha sentimita 19.4. Cha inchi 14 cha uwiano huohuo ni sentimita 31 kwa 17.4, na cha inchi 13.3 ni sentimita 29.4 kwa 16.6. Mimi huvipima vipimo hivyo kwa karatasi ya A4, kwa sababu ndiyo mali ghafi ya kazi yangu. Karatasi hiyo ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo kurasa mbili zikikaa sambamba kwa ukubwa wake halisi zinadai sentimita 42. Hakuna laptopu ya kubebeka inayozitoa. Kioo cha inchi 15.6 kinazionyesha kurasa hizo kwa asilimia 82 ya ukubwa wake, cha inchi 14 kwa asilimia 74, na cha inchi 13.3 kwa asilimia 70. Maana yake ni kwamba nilipohama kutoka 15.6 kwenda 14, herufi zangu zilipungua kwa sehemu moja ya kumi tu, ilhali bega liliponea karibu kilo nzima.

Na hata hiyo sehemu moja ya kumi niliirudishiwa na jambo ambalo muuzaji wangu wa kwanza hakulitaja. Kioo kile kikubwa kilikuwa na pikseli 1366 kwa 768, ilhali cha T480 yangu kina 1920 kwa 1080, yaani karibu mara mbili ya jumla ya pikseli katika eneo dogo zaidi. Ukigawa pikseli 1366 kwa kurasa mbili, kila ukurasa unabaki na 683, na kwa kiasi hicho nukta za herufi i na j huwa kama vumbi lililoanguka juu ya maandishi. Kioo kikubwa chenye pikseli chache ni sawa na picha ndogo iliyovutwa: inaonekana kwa mbali, lakini haina la ziada la kuonyesha. Nimewahi kuona laptopu ya inchi 15.6 na ya inchi 14 zikiuzwa meza moja, ile kubwa kwa bei ya juu, na ni ile ndogo iliyokuwa na kioo bora. Atakayenunua afungue mipangilio ya kioo palepale dukani na asome namba. Ni kazi ya nusu dakika, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Kuhusu nguvu, ninakiri kwamba nilikuwa nimejidanganya kabisa. Ukubwa wa kioo hauongezi nguvu ya mashine. Unaongeza nafasi ya feni na ya bomba la kupozea, na mtengenezaji ndiye anayeamua kuitumia nafasi hiyo au kuiacha tupu. Katika laptopu za ofisini mara nyingi huiacha. HP EliteBook 840 G5 ni ya inchi 14 na ndugu yake 850 G5 ni ya inchi 15.6, na zote mbili hupatikana na prosesa ileile ya Core i5-8250U. Kadhalika ThinkPad T480 na T580. Anayelipia ile kubwa analipia kioo na vitufe vya namba vya upande wa kulia, basi. Vitufe hivyo ni neema kwa mhasibu, lakini kwa mtu wa kuandika vinasukuma sehemu ya herufi kuelekea kushoto, na nilikuwa naketi mshazari mbele ya kioo changu bila kujua kwa nini mgongo unauma.

Nguvu ya kweli inasomwa katika herufi ya mwisho ya jina la prosesa. Zenye U, katika vizazi vilivyojaa madukani kwetu, zimekusudiwa kula wati 15 hivi. Zenye H hufikia wati 45, na joto lake hudai feni kubwa, bomba nene na, kwa sababu hiyo, mara nyingi kasha la inchi 15.6 au zaidi. Anayehariri video, anayechora majengo au anayecheza michezo mizito anaihitaji H na anapaswa kukubali uzito wake. Anayeandika, anayefundisha, anayejaza majedwali na kufungua kurasa ishirini za intaneti hataona tofauti, ila atausikia mlio wa feni. Baada ya herufi hiyo, katika vizazi hivyo itazame tarakimu inayofuata kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-7200U ni ya kizazi cha 7. Hatua hiyo moja ina uzito kuliko inchi mbili za kioo, kwa kuwa i5 ya kizazi cha 7 katika kundi la U ilikuwa na kori mbili, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu, na ile ya kizazi cha 8 ikapewa nne, na kwa upande wa Intel ni kizazi cha 8 ndicho ambacho kwa kawaida Windows 11 inaanza kukikubali. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na bado naona mashine za kizazi cha 6 zikipangwa mbele kabisa ya kabati za maduka kwa sababu tu vioo vyake ni vipana.

Laptopu yangu ya pili haihitaji maneno mengi. Niliuza ile kubwa kwa hasara, nikakimbilia upande wa pili kabisa, nikanunua nyembamba ya inchi 13.3 isiyofika kilo moja na nusu. Katika basi ilikuwa raha tupu. Mezani ilikuwa adhabu. Windows yenyewe hupendekeza herufi zikuzwe kwa asilimia 150 katika vioo vidogo vyenye pikseli 1920 kwa 1080, na ukikubali, nafasi ya kazi inayobaki ni sawa na pikseli 1280 kwa 720. Ukikataa, unasoma kwa kuinama. Tena RAM yake, yaani kumbukumbu ya kazi, ya gigabaiti 8 ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, hivyo fundi wangu wa Wandegeya aliifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Wembamba ule ulikuwa na gharama nyingine: feni ndogo ilijaa vumbi jekundu la barabara za Gulu katika kiangazi kimoja, na prosesa ilipopata joto ilijipunguzia kasi yenyewe, kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani.

Ndipo nikafika kwa T480. Mtindo huu ulitoka mwaka 2018, mara nyingi una prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, nafasi mbili za RAM ambazo fundi anaweza kuzifikia kwa bisibisi, na uzito unaoanzia kilo 1.58. Mimi niliilipia shilingi 1,150,000 ikiwa na gigabaiti 8 za RAM na SSD (diski ya kuhifadhia kazi) ya gigabaiti 256, kisha nikaongeza gigabaiti 8 nyingine. Kioo chake ni cha aina ya IPS, kwa hiyo nikikiinamisha kwenye basi rangi hazinikimbii, na kifuniko hufunguka hadi kulala tambarare, jambo ambalo nimeligundua kuwa na faida ninapomwonyesha mwanafunzi kosa lake tukiwa tumekaa ana kwa ana.

Lakini sifa iliyonifanya niichague miongoni mwa laptopu nyingi za inchi 14 ni betri zake mbili. Moja ya saa-wati 24 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) imo ndani, nyingine huchomekwa nyuma na hutolewa kwa vidole, na unaweza kuibadilisha huku mashine ikiendelea kuwaka, maana ile ya ndani huishikilia. Betri ya nyuma hupatikana kwa ukubwa mbalimbali hadi saa-wati 72. Hesabu ya betri ni nyepesi: laptopu ya inchi 14 yenye prosesa ya U, ikiwa na kazi ya maandishi na mwanga wa wastani, hula saa-wati sita hadi nane kwa kila saa ya kazi, kwa hiyo saa-wati 48 hutoa saa sita au zaidi kama betri ni nzima. Kioo kikubwa huvunja hesabu hiyo, kwa sababu taa zinazoangaza kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme ndani ya laptopu, na eneo la kioo cha inchi 15.6 ni kubwa kuliko la inchi 14 kwa karibu robo. Umeme ukikatika saa nane mchana ukiwa na kazi ya kuwasilisha saa kumi na moja, robo hiyo utaihisi. Betri kubwa ya nyuma nayo ina ila yake: inachomoza chini, inaiinua mashine upande wa nyuma, na inarudisha sehemu ya uzito niliokuwa nimeukimbia. Mimi hubeba ile ya saa-wati 24 siku za Kampala na kubwa siku za Gulu.

Kwa betri iliyotumika, usiamini neno la mtu. Andika powercfg /batteryreport katika dirisha la amri, na mashine itakutolea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki leo. Duka nililonunulia T480, lililo chini ya ngazi katika jengo jingine kabisa, liliniruhusu kufanya hivyo kwa mashine tatu kabla sijachagua. Ya kwanza ilikuwa imebakiwa na asilimia 41, ya pili 63, ya tatu 88, na zote tatu zilikuwa na bei moja.

Chaja pia ni sehemu ya uzito na ya uamuzi. T480 huchajiwa kwa USB-C, na chaja ya wati 45 au 65 inatosha. Laptopu kubwa za michezo huja na chaja za wati 150, 180, hata 230, matofali ambayo makubwa yake hukaribia uzito wa kilo moja. Nyumbani kwa mwenyeji wangu karibu na Gulu hutumika umeme wa jua wenye inveta ndogo ya wati 150. Chaja yangu inachomekwa bila taa ya sebuleni kupepesa; ya mpwa wake, mwenye laptopu ya michezo ya inchi 17.3, ilizima nyumba nzima jioni ya kwanza, na kijana akapewa kazi ya kutafuta mishumaa.

Nisiionee T480, lakini pia nisiipambe. Kioo chake cha kawaida kina mwanga wa niti 250, na kiasi hicho hakitoshi kibarazani mchana. Mimi hugeuza meza nikaupa ukuta mgongo wa kioo na kukaa kivulini kabisa. Anayefanya kazi nje, kama wapima ardhi na wakusanya takwimu wa mashambani, atafute niti 400 kwenda juu na asijali sana inchi. Fremu inayozunguka kioo ni pana kwa macho ya leo, hivyo kasha zima lina upana wa sentimita 33.7, ilhali laptopu mpya za inchi 14 zimepunguza fremu hiyo. Na uwiano wa 16 kwa 9 ni uwiano wa kutazama filamu. Laptopu nyingi mpya za kazi zimehamia 16 kwa 10, ambapo kioo cha inchi 14 huwa sentimita 30.2 kwa 18.8, unapoteza chini ya sentimita moja ya upana na kupata moja na nukta nne za kimo, ambazo kwa kurasa zangu ni mistari mitatu au minne zaidi bila kusogeza. Kwa mtu wa maandishi, huo ndio mabadiliko pekee ya miaka ya karibuni ninayoyaonea wivu. Vivyo hivyo, anayeona tangazo la inchi 16 asishtuke: upana wake ni sentimita 34.5, sawasawa na ile 15.6 ya zamani, isipokuwa umeongezewa kimo.

Nani basi anunue inchi 15.6 au 16? Mhasibu anayeishi ndani ya majedwali, mwanafunzi wa usanifu majengo, mhariri wa picha za harusi, na mtu yeyote ambaye macho yake yamepita umri wa kubembelezwa, mradi mashine hiyo ilale ofisini au isafiri kwa gari lake. Inchi 13.3 inawafaa wanaohama kutoka mkutano hadi mkutano na kuandika barua fupi. Inchi 17.3 sioni inabebwaje hapa kwetu kwa boda boda, na sitajifanya kuona.

Kwangu mimi, tatizo la kurasa mbili lilimalizwa na kitu kingine. Kwa shilingi 280,000 nilinunua kioo cha mezani cha inchi 24 kilichotoka katika ofisi fulani, nikakiunganisha na T480 kwa waya wa HDMI. Kina upana wa sentimita 53 na kimo kinachokaribia 30, na karatasi ya A4 ina kimo cha sentimita 29.7. Kurasa mbili zinasimama bega kwa bega kwa ukubwa wake halisi, na kulia kwake inabaki nafasi ya kamusi. Jumla ya gharama, laptopu, RAM na kioo cha mezani, ilizidi kidogo tu bei ya ile 15.6 ya kwanza. Kioo hicho hakitoki nyumbani. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitachomoa waya, nitabadilisha betri ya nyuma, na bega langu litabeba zilizobaki hadi Gulu.